Vifuu vya watoto wako

Rehema shoga yangu,

Asalaam aleikum. Za Dodoma, za watoto, za vumbi? Huku Tanga wazima, joto tu. Barua yako kaileta Mwanaidi, na nusu ya habari kanisimulia kabla sijaifungua. Unamjua.

Umeniandikia kwamba unawaandalia watoto unaowafundisha kona ya jiko ya kuchezea na kujifunzia, na unataka kuweka humo mbuzi ya kukunia nazi. Nianze na hiyo mbuzi. Usiiweke kwenye hiyo kona ya jiko. Unasema utawasimamia, lakini mtoto wa miaka 4 akiikalia, ule ulimi wa meno unatokeza mbele ya magoti yake, na mwenzake akipita mbio ndiyo paja hilo. Nazi ikune wewe mwenyewe, uishie kwenye nyeupe. Ukigusa ganda la kahawia tui linaingia weusi. Wao waachie kifumbu, kile kichujio cha kusuka cha kukamulia tui. Maji ya uvuguvugu nusu kikombe, wakamue tui zito. Wakitia maji tena kwenye machicha yale yale, wataona wenyewe la pili limekuwa jepesi, na somo hilo halihitaji ubao.

Upawa utengeneze, usinunue. Chukua kifuu cha upande usio na macho. Ule wenye macho 3 una moja laini, huvuja. Kwangua nyuzi kwa kipande cha chupa, kisha piga msasa, ukingoni hasa, maana watatia mdomoni tu. Toboa matundu 2 yanayotazamana, upana wa kidole chini ya ukingo, kwa msumari uliopata moto. Ukigonga kwa nyundo kinapasuka. Mpini uwe mti mkavu: mbichi ukikauka hupungua, upawa unabaki unachezacheza.

Chenye macho nacho usitupe. Toboa lile jicho laini, wajaze maji, wahesabu mpaka yaishe. Mmoja ataziba kwa kidole, kelele zitaanza, na hapo ndipo wanajifunza.

Hesabu za vipimo fanya kwa mchanga mkavu. Tafuta makopo 3, kila moja lijae mara mbili ya lililotangulia: vibaba 2 kisaga, visaga 2 pishi. Wafundishe kupangusa juu kwa kijiti. Wasipopangusa, huyu atalundika, yule atapunja, na pishi haitatimia hata mkikesha. (Wauza mchele wa sokoni wanalijua sana hilo.)

Ile seti ya plastiki mliyoletewa sina la kusema. Sufuria ambayo mwiko wake hauingii! Iache kwa mchezo wa baba na mama, huko haina madhara.

Nirudi kwa mbuzi, maana nakujua ubishi wako. Ikibidi waione, ikunje, uifunge kamba, uitundike juu. Ukikuna, wao wakae nyuma yako, siyo mbele.

Chungu kipya mlichonunua, kabla hakijaona moto, kijaze maji kilale nacho usiku mzima, kisha kianze kwa makaa machache. Na mtu asije akatia maji baridi chungu kikiwa cha moto, kitalia paa.

Sasa nijibu. Watoto ni wangapi hasa, maana Mwanaidi kasema 30, wewe umeandika "wachache"? Vifuu nikutumie kwa basi, au unapata huko? Kifumbu unacho, au nikuagizie? Na Bi Zuhura yule mguu umepona? Halafu nani aliyekushauri hiyo mbuzi, shemeji?

Wako,
Saumu