Kwa Mdogo Wangu, Kuhusu Tai ya Baba

Mdogo wangu,

Shemeji ameniambia kwamba mwanao anafunga ndoa Desemba, na kwamba mnatafuta mtu wa kumfunga tai kwa kuwa wewe hukuwahi kujifunza. Ningekupigia simu, lakini tangu msiba wa baba hatujazungumza pasipo mmoja wetu kukata.

Mfunge mwenyewe. Simama nyuma yake mbele ya kioo, kama baba alivyosimama nyuma yetu kila Jumapili kabla ya ibada. Inua kola, uache ncha pana upande wake wa kulia, ishuke chini ya ncha nyembamba kwa takriban sentimita 30. Ipitishe juu ya nyembamba kwenda kushoto, izungushe nyuma yake irudi kulia, uivushe tena mbele kwenda kushoto, kisha uiingize kwa chini kwenye kitanzi cha shingoni, itokee juu, na uiteremshe ndani ya kile kitanzi kilichojitengeneza mbele. Kaza taratibu huku ukibonyeza kitambaa kwa kidole chini ya fundo, ili kiache kijishimo. Ncha pana iguse bizimu ya mkanda.

Fundo hili huegemea upande kidogo, nalo ndivyo lilivyo. Vijana wa kamati watakwambia bwana harusi lazima afungwe Windsor, lile nene lenye pande sawa, ilhali Duke wa Windsor mwenyewe, yule aliyewahi kuwa Mfalme Edward wa Nane wa Uingereza, hakulitumia: alishonewa tai zenye bitana nzito, akazifunga kwa njia hii hii ya kawaida. Wanafizikia wawili wa Cambridge, Thomas Fink na Yong Mao, walikokotoa mwaka 1999 kwamba tai inaweza kufungwa kwa njia 85. Baba alijua moja tu, akaingia nayo darasani hata enzi zile ambapo viongozi walivaa kaunda suti na tai ikaonekana kama majivuno.

Ndiyo maana siwezi kuisahau asubuhi ya mazishi. Uliingia chumbani kwake, ukaitungua ile tai ya bluu msumarini, ukalifumua fundo lake mbele ya mashangazi, kisha ukaomba pasi. Fundo lile alilifunga kabla ya kiharusi. Baada ya hapo mkono wa kulia haukumtii tena, nami nikawa nailegeza tai na kumpitishia kichwani, kwa sababu alikataa katakata mtu mwingine amfungie. Hukuyajua hayo kwa kuwa ulikuwa Mwanza, na hukuuliza.

Ulisema tai haiachwi na fundo, kitambaa huharibika. Ni kweli, na aliyetufundisha ni yeye: hufunguliwa kila jioni hatua kwa hatua, wala haivutwi kwa ncha nyembamba. Nilikuwa naijua kanuni hiyo kila asubuhi nilipomvalisha. Wanaosema nilikuaibisha kwa kukunyang'anya pasi mbele ya waombolezaji hawakumwona mzee akishika fundo lake kwa mkono mmoja kuhakikisha kwamba bado liko. Hariri haipigwi pasi ya moto, zaidi ya hayo.

Nimefurahi kwa ajili ya kijana, nawe umemlea vizuri. Mnunulie tai mpya, na kwa kuwa ni mrefu, uchague iliyozidi sentimita 150, la sivyo itaishia tumboni. Nitakuja harusini. Ile ya bluu usimvalishe. Njoo nayo unikabidhi, maana mimi ndiye niliyekuwa naye.

Kaka yako