Kwa nini samaki wako mkubwa anarudi majini

Juni iliyopita mama mmoja anayeishi Lowell, hapa Massachusetts, Marekani, alikuja kuvua nasi kwenye boti yetu ya wageni pamoja na mumewe na wanawe wawili. Hakuwahi kushika fimbo ya kuvulia maishani mwake. Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, maji yakitoka kwa nguvu mlangoni mwa mto Merrimack, mara mshipi wake ukakaza na rili, kile kigurudumu cha mshipi, ikaanza kulia. Kwa dakika kama kumi hakuna aliyesema neno ila yeye, naye alikuwa akimwita Mungu. Samaki alipofika ubavuni mwa boti nilimpima: sentimita 94. Mgongo wa kijani kilichokolea, ubavu unaong'aa kama fedha, na mistari myeusi saba iliyonyooka toka kichwani hadi mkiani. Mama akauliza kama atatosha kwa mchuzi na wa kukaanga pia. Ikabidi nimwambie, "Mama, huyu anarudi."

Alinyamaza. Nilimwona amevunjika moyo na sikumlaumu. Amelipia safari, ameamka saa nane za usiku, amewaambia majirani kwamba Jumapili kuna samaki. Mimi mwenyewe nimezaliwa Shimoni, pwani ya Kenya, na kwetu mtu akienda baharini anatazamiwa na kitoweo. Swali la kwa nini samaki mkubwa anarudishwa nimeulizwa na karibu kila mgeni anayezungumza Kiswahili, kwa hiyo nimeona nilijibu lote hapa, ili mtu aweke nafasi akijua anakuja kufanya nini.

Wavuvi wa huku humwita samaki huyu straipa (kwa Kiingereza striped bass), kwa sababu ya ile mistari. Ukishuka kusini, jimbo la Maryland, utasikia rokfishi, naye ni yule yule. Sheria ya pwani hii, tangu mwaka 2023, inamruhusu kila mvuvi wa kujifurahisha kuchukua samaki mmoja tu kwa siku, na huyo mmoja awe na urefu wa inchi 28 au zaidi lakini asifike 31. Kwa vipimo tulivyozoea ni kuanzia sentimita 71 hadi karibu 79, ukipima toka ncha ya mdomo mpaka ncha ya mkia. Nafasi hiyo yote ni upana wa vidole vinne vya mkono wako. Aliye chini yake anarudi, aliye juu yake anarudi. Wageni waliokulia kando ya Ziwa Victoria hunielewa upesi, maana kwa miaka mingi mbuta, au sangara kwa Watanzania, naye aliwekewa mpaka wa chini na wa juu: sentimita 50 hadi 85. Mgumu kumshawishi ni mtu wa pwani, ambaye kwake samaki mkubwa ndiye riziki kubwa.

Huyo mkubwa karibu siku zote ni jike. Straipa huishi baharini lakini huzaa kwenye maji ya mito yasiyo na chumvi, na wengi wa hawa tunaowavua hapa Massachusetts walizaliwa kwenye mito inayoingia Ghuba ya Chesapeake, upande wa Maryland na Virginia. Wengine wanatoka mto Hudson. Wanapanda kaskazini kila mwaka kufuata chakula, wanafika kwetu Mei na kuondoka Oktoba. Jike wa kilo tano na nusu hutaga mayai kama 850,000. Jike wa kilo 25 hutaga zaidi ya milioni 4. Ukimuua huyo wa pili umeua kisima cha watoto kwa ajili ya minofu ambayo familia haitaimaliza kabla haijakaa mwezi kwenye friza.

Na watoto wenyewe wamekuwa haba. Idara ya maliasili ya Maryland imekuwa ikikokota nyavu kwenye mito ya mazalio na kuhesabu vifaranga kila kiangazi tangu 1954. Wastani wa miaka yote hiyo ni kama vifaranga 11 kwa kila mkokoto wa wavu. Tangu mwaka 2019 hesabu haijafika hata nusu ya wastani huo. Mwaka 2023 ilikuwa kifaranga 1, mwaka 2024 vifaranga 2, mwaka 2025 vinne. Wataalamu wanasema majira ya baridi yasiyokuwa na baridi ya kutosha na masika makavu vinawaharibia watoto chakula chao cha kwanza. Kizazi kikubwa cha mwaka 2015 ndicho kilichoibeba pwani nzima kwa miaka, na kilipofika ule urefu wa kuchukuliwa, wavuvi wakakivuna kwa pupa. Ndiyo sababu nafasi ile ya urefu ikabanwa ghafla mwaka 2023.

Wazee wa gatini hapa wanakumbuka vizuri zaidi yangu. Miaka ya themanini straipa walipungua sana kiasi kwamba Maryland ilifunga uvuvi wake kuanzia 1985 hadi 1990. Samaki wakapumzishwa, na kufikia 1995 ikatangazwa kwamba wamerudi. Ninapomrudisha samaki wa mgeni huwa naikumbuka miaka hiyo, kwa sababu mimi nimekuja nchi hii nikakuta bahari ambayo wengine waliishindia njaa ili mimi nipate kazi.

Sasa nije kwenye jambo linalonigusa zaidi. Kumrudisha samaki si kumtupa majini. Wataalamu wanakadiria kwamba kati ya straipa 100 wanaorudishwa, 9 hufa baadaye, mahali usipowaona. Hesabu inaonekana ndogo mpaka ukumbuke wanaorudishwa ni mamilioni: mwaka 2017, kati ya straipa wote waliouawa na uvuvi wa aina zote, 48% walikuwa ni hawa waliorudishwa wakafa. Kwa hiyo kwenye boti yetu nina ukali ambao baadhi ya wageni huuona umezidi. Naomba mnivumilie.

Tukivua kwa chambo tunatumia ndoana za duara, zile ambazo ncha yake imepinda kuelekea shina. Sheria inazidai tangu 2021, lakini hata isingezidai ningezitumia. Samaki akimeza chambo, ndoana ya kawaida hukamata utumbo. Hii ya duara huteleza mpaka pembeni mwa mdomo ndipo ikamate. Kosa la kila mgeni ni kuvuta fimbo kwa nguvu akihisi samaki amegusa, kama tulivyofunzwa na mshipi wa mkono kule nyumbani. Hapa usivute. Acha mshipi ukaze wenyewe, kisha zungusha rili polepole. Kwenye samaki wa bandia tunaowatumia kama chambo nimezing'oa zile ndoana za ncha tatu na kuweka za ncha moja, na nimeviminya vile vimeno kwa koleo ili zitoke kwa urahisi. Kulabu ya kupandishia haimo kabisa. Tuna wavu wa mpira wenye mpini mrefu.

Samaki akishafika, lowesha mikono kwanza, maana mkono mkavu unambandua ute unaomkinga na maradhi. Usimninginize kwa taya ukamwacha akining'inia wima: samaki mzito akishikwa hivyo, uzito wake wote unavuta viungo vya ndani. Mkono mmoja mdomoni, wa pili chini ya tumbo, alale kama mtoto anavyolala mikononi. Usiogope kuingiza kidole gumba. Straipa hana meno ya kukata, ila midomo yake ina ukwaruzo kama msasa, na baada ya siku nzuri ya uvuvi gumba lako litabaki limechunika. Jihadhari na miiba ya mgongoni na kingo za matamvua tu. Picha, sekunde kumi. Mwenye simu awe tayari kabla samaki hajatoka majini, si aanze kutafuta nenosiri.

Kisha anarudi taratibu, ameshikwa akiukabili mkondo, maji yakipita kwenye matamvua. Yule mama nilimwambia aishike taya mwenyewe. Tukakaa pale, yeye amepiga magoti, mikono ndani ya maji baridi mpaka kwenye viwiko. Nusu dakika hivi, samaki akafunga mdomo kwa nguvu kwenye gumba lake. Hiyo ndiyo alama tunayoingoja. Nikamwambia aachie. Mkia ukapiga mara moja, ukatumwagia maji usoni sote wawili, na samaki akapotea. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Haimaanishi kwamba kila mtu anarudi mikono mitupu. Siku nyingi za Juni na Septemba mmoja au wawili kati ya wageni hupata samaki anayeingia kwenye kipimo, na huyo nitakupasulia gatini bila malipo ya ziada. Nyama yake ni nyeupe, imeshikamana, haivunjiki kwenye moto. Ukimfanya wa kupaka, kwa tui zito, ukwaju na ndimu, hutamtamani changu. Lakini hatubadilishi: ukishamchukua mmoja, huwezi kumtupa ili uchukue mwingine mzuri zaidi. Na samaki wa safari hizi hauzwi, hata kwa shemeji mwenye mgahawa.

Wengine huniambia, "Basi twende mbali, kina kirefu, huko hakuna wa kutuona." Kupita maili tatu za baharini toka pwani ni maji ya serikali ya shirikisho, na huko kuvua straipa kumepigwa marufuku tangu 1990. Siendi.

Kuna jambo la pili linalowaudhi wageni, nalo ni saa. Hatuna saa maalumu ya kuondoka kwa sababu straipa hana saa maalumu ya kula. Anakula maji yanapokwenda. Hapa tofauti ya maji kujaa na kupwa ni kama mita mbili na nusu; si kama Mombasa wakati wa bamvua, lakini yote hayo yanapita kwenye mlango mwembamba kati ya Salisbury na Plum Island, katikati ya kuta mbili za mawe. Samaki wadogo wanasombwa, na straipa anakaa nyuma ya fungu la mchanga akiwangoja, kichwa kikitazama mkondo. Maji yakisimama, naye anaacha kula. Maji mafu huwa na siku za polepole. Bamvua huwa na siku za kukumbukwa.

Mlango huo huo ndio hatari yetu. Maji yakitoka kwa kasi na mawimbi ya upepo wa mashariki yakija kuyapinga juu ya lile fungu, bahari inasimama ukuta. Boti kubwa kuliko yetu zimepinduka hapo. Agosti mwaka juzi niliwageuza wageni sita tukiwa tayari tunaona bahari wazi. Mmoja wao, kaka aliyeendesha gari toka Worcester usiku, alinikasirikia sana, akasema mawimbi yale aliyaona madogo. Kwa mbali mawimbi huonekana madogo. Tulivua ndani ya mto siku hiyo, tukapata wadogo kumi na mmoja, wote wakarudi. Nikiahirisha kwa ajili ya bahari, malipo yako ya kushika nafasi unarudishiwa yote, au unachagua siku nyingine. Kwa hilo sibishani na mtu.

Leseni yangu ya Walinzi wa Pwani inaniruhusu wageni sita, basi. Watoto wanahesabiwa. Tafadhali msije saba mkaniomba nimbebe wa saba mapajani. Nimeombwa hivyo na watu ninaowaheshimu na jibu limekuwa hapana. Jaketi za kuokolea zipo, za kila kimo. Kibali cha kuvua maji ya chumvi huhitaji kununua, maana cha boti kinawahesabu wageni wote.

Mnachokosa mara nyingi ni nguo. Mwezi wa Mei maji ya huku yako karibu nyuzi 10, na upepo wa alfajiri juu ya maji hayo unapenya sweta. Njoo na koti lisilopitisha maji, kofia, soksi nzito, viatu vyenye soli ya mpira. Chai ya tangawizi na mahamri naleta mimi. Ukipiga simu niambie siku unayoitaka tu. Saa nitakupa nikishatazama maji, na inaweza kuwa saa kumi alfajiri au saa tisa mchana.