YAH: Malalamiko kuhusu mota isiyofaa katika seti ya roketi ya Saturn V na kauli za mtumishi wenu

Ndugu Meneja,

Kwa heshima, nawasilisha malalamiko yangu kuhusu seti ya kuunda roketi ya Saturn V ya kipimo cha 1:100 niliyoinunua kwenu, pamoja na namna nilivyojibiwa nilipowaomba msaada. Masharti ya dhamana mnayajua kuliko mimi, hivyo sitayarudia.

Mota mliyoifungasha ni ya daraja D la nguvu, yenye tarakimu ya mwisho 7, na kijitabu cha maelekezo kinaagiza hiyo hiyo, ilhali ubavuni mwa sanduku mmechapisha 3. Tarakimu hiyo, kama mafundi wenu wajuavyo, ni sekunde zinazopita tangu mota imalize kusukuma hadi baruti ifyatue parachuti. Roketi nzito yenye urefu unaozidi mita moja haifiki mbali angani kwa mota moja ya D, na ikishafika kileleni haikawii kuanguka. Yangu iliondoka kwenye fimbo ya kurushia ikiwa imenyooka, ikapanda vizuri, ikageuka, ikaja chini ikitanguliza kichwa, na mlio wa baruti ya parachuti tuliusikia ikiwa tayari imejikita ardhini. Bomba lilikunjamana hadi kwenye mapezi. Kama ingemwangukia mtu, barua hii ingewafikia kutoka kwa wakili.

Nilipopiga simu, mtumishi wenu alinijibu, "Mzee, hicho ni kichezeo tu, na vichezeo huvunjika." Kisha akacheka.

Ndugu Meneja, hicho anachokiita kichezeo kilinichukua miezi minne. Mapezi ya balsa, ule mti mwepesi, niliyapiga msasa hadi yakawa laini kama karatasi, na mabaka meusi juu ya rangi nyeupe niliyapaka mara tatu, nikiyalinganisha na picha za roketi iliyowapeleka wanaanga wa Apollo 11 mwezini Julai 1969, kwa kuwa mtu anayeunda roketi ya kipimo hana ruhusa ya kukisia. Tena katika mwezi wa kwanza nilikuta pete moja ya kushikilia bomba la mota haimo sandukuni, nikawaandikia mara mbili bila kujibiwa, mwisho nikaikata mwenyewe. Hilo nilikuwa nimelisamehe. Sasa nalilalamikia pia.

Narudi kwenye simu ile, maana ndiyo inayoninyima usingizi kuliko roketi yenyewe. Nilisubirishwa kwa dakika 40. Nilipopokelewa, nilianza kumsomea maandishi yaliyo kwenye mota, herufi moja baada ya nyingine, nikiamini anaandika. Hakuwa akiandika. Nilimsikia akimwambia mwenzake, "Kuna mzee hapa analilia roketi ya karatasi," wakacheka wote wawili, ndipo akanirudia na kauli yake ya vichezeo. Binti yangu, ambaye ndiye aliyehesabu kwa sauti kuanzia kumi na kubonyeza kitufe cha kuirusha, alikuwa ameketi kando yangu akisikia kila neno kwenye spika. Aliinuka akaenda zake bila kusema lolote, na tangu siku hiyo hajagusa gundi wala brashi.

Nilipoketi kuandika nilikusudia kuomba seti nyingine yenye mota sahihi, basi. Kwa haya niliyoyaeleza, hiyo hainitoshi tena. Nadai nirejeshewe fedha zangu zote, na mtumishi yule atuombe radhi kwa maandishi, mimi na binti yangu. Zaidi ya hapo, nadai muwatangazie wote walionunua toleo hili kwamba wasilirushe kwa mota mliyoifungasha. Dai hili la mwisho halina mjadala, kwa sababu kuna mtu mahali fulani ambaye bado anasubiri rangi ikauke.

Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitapeleka sanduku, kijitabu na ganda la mota kwa mamlaka inayosimamia ubora wa bidhaa, na baada ya hapo mahakamani. Ganda ninalo, na tarakimu 7 bado inasomeka.

Wenu,
Mteja