Na nyumba anaitunza nani?

Mhariri,

Ile taarifa yenu kuhusu familia zinazouguza wazee wenye dimensia, ugonjwa wa ubongo unaovuruga kumbukumbu na fikra, imenitoa kwenye ukimya wa miaka. Mmeandika dawa, mmeandika lishe, mmeandika subira. Nyumba anamolala huyo mgonjwa hamkuigusa hata kwa sentensi moja.

Namuuguza mama yangu. Juzi bomba la jikoni lilipasuka, nikamwita fundi. Mama alipomkuta mwanamume asiyemjua ameinama chini ya sinki na nyundo mkononi, alipiga mayowe ya mwizi mpaka majirani wakajaa mlangoni. Fundi alikusanya vifaa vyake akaondoka, maji bado yanachuruzika. Simlaumu mama hata kidogo, ubongo wake ndio unaougua. Lakini hebu fikirini: kelele za drili zinamtia hofu, ukisogeza kabati upake rangi, anapotea ndani ya nyumba yake mwenyewe, zulia jeusi analiona shimo, hakanyagi, usiku anafungua mfereji na kuuacha, au anawasha jiko na kwenda zake. Nyumba inaharibika upesi zaidi kwa sababu ya ugonjwa, na ugonjwa huohuo unazuia isitengenezwe! Basi ukuta unavimba kwa unyevu, balbu ya ukumbini imeungua, na gizani ndiko wazee wanakoanguka. Nikishamwogesha, nikamlisha, nikamlaza, nipande ngazi saa ngapi?

Shirika la Afya Duniani linasema jamaa na marafiki hutumia wastani wa saa 5 kwa siku kumhudumia na kumwangalia mgonjwa wa namna hii, na asilimia 70 ya saa za uangalizi hubebwa na wanawake. Kuziba paa hakumo humo.

Halafu wapo ndugu. Wanakuja, wanapiga picha na mama, wanauliza mbona nyumba imechakaa hivi, wanaaga. Mmoja amethubutu kusema iuzwe, na mama yumo ndani! Ndugu huyo hajawahi kununua hata kitasa.

Nashauri hivi: daktari akishajua ni dimensia, asimwite mlezi peke yake. Awaite watoto wote, na kabla hawajatoka kila mmoja aandike jina lake mbele ya kazi moja ya nyumba: huyu paa, huyu mabomba, huyu taa na makomeo. Asiyejua kushika nyundo amlipe fundi, na siku ya kazi aje yeye mwenyewe ampeleke mama matembezini mpaka fundi amalize.

Binti mlezi