Heri ya Vesak: salamu za mwezi mpevu wa Mei

Ndugu zangu, jamaa na majirani, heri ya Vesak. Wazee, shikamooni.

Najua kuna watakaouliza hii nayo ni sikukuu gani. Ni siku ya mwezi mpevu, kwa kawaida wa Mei, ambapo Wabuddha wa Sri Lanka na nchi nyingine za Asia hukumbuka mambo matatu kwa mpigo: kuzaliwa kwa Buddha huko Lumbini, Nepal ya leo, kuzinduka kwake, yaani kuuona ukweli, chini ya mti huko Bodh Gaya, India, na kufariki kwake Kushinagar, India pia. Umoja wa Mataifa uliitambua siku hii mwaka 1999. Na Dar si ngeni kama wengi wanavyodhani. Wasinhala walifika hapa kutoka Sri Lanka zamani, kisiwa kikiitwa bado Ceylon, na hekalu lao lipo Upanga mpaka leo, na uani pana mti wa Bodhi, aina ile ile ya mti ambao Buddha alizinduka chini yake.

Hata msimu wenyewe unatuunganisha. Masika yanaaga, kusi imeshika. Upepo huu ukishavuka ikweta ndio unaopeleka mvua Sri Lanka, kwa hiyo zile taa za karatasi wanazotundika vibarazani wakati wa Vesak pengine hulowa hata kabla hazijawashwa. Watu hawajali. Huvaa nyeupe, mabucha na maduka ya pombe hufungwa, na kando ya barabara huwekwa vibanda vya chakula cha bure viitwavyo dansala. Anayepita hupanga foleni akapewa wali, chai, au mihogo ya kuchemsha na nazi ya kukuna iliyotiwa pilipili. Haulizwi dini wala kabila. Mtu aliyekulia kwenye futari za mtaani hatahitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka huu lakini nataka kusema juu ya ulimi.

Mbuddha wa kawaida hushika mambo matano: kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo, na kutotumia vileo. Si amri zilizoshushwa. Anayeyashika hutamka mwenyewe kwamba anajiwekea zoezi la kujizuia. Manne kati ya hayo, mtu mstaarabu anaweza kupitisha wiki nzima bila kuyavunja. La uongo halimalizi asubuhi.

Buddha alikuwa na mtoto mmoja, Rahula, aliyeingia utawani akiwa bado mdogo. Siku moja baba alimwendea mahali paitwapo Ambalatthika. Mtoto alipomwona anakuja, akamtengea pa kukaa na maji ya kunawa miguu. Buddha akanawa, akabakiza maji kidogo sana chomboni, akamwuliza kama anayaona. Akasema wema wa mtu asiyeona haya kusema uongo kwa makusudi ni mchache kama yale maji. Akayamwaga: ndivyo mtu huyo alivyoutupa utawa wake. Akakifudikiza chombo. Akakigeuza tena, kikiwa kitupu, na kila mara akamwuliza mtoto anaona nini. Mwisho akamwambia ajizoeze kutosema uongo hata kwa mzaha.

Hapo kwenye mzaha ndipo penye kazi kwetu watu wa utani. Sidhani kwamba alikusudia kuua utani wa mtu na mtani wake, maana pale wote wawili wanajua mchezo. Nadhani alilenga yale tunayoyaita madogo: "niko njiani, nafika sasa hivi," na mtu bado yuko bafuni anajimwagia maji. Au ile habari unayoirusha kwenye kundi la familia, ukaweka "nimeletewa kama ilivyo," kana kwamba maneno hayo yanakuosha mikono. Mafundisho yake juu ya usemi yanahesabu pia fitina, matusi na porojo. Umbea nao umo, poleni.

Kisha akamwuliza Rahula kioo ni cha nini. Cha kujitazamia, akajibu. Basi, kabla ya tendo, katikati ya tendo na baada ya tendo, jitazame: litaniumiza mimi? Litamwumiza mwingine? Watu wengi siku hizi wanataka kutafakari tu, wakae wafuate pumzi inavyoingia na kutoka, watulie, basi. Si vibaya. Lakini mwenye uongo wa kulinda atakaaje kimya dakika kumi? Pumzi ya tatu tu, akili imeshakwenda kupanga atajibu nini akibanwa. Buddha alisema mateso yana chanzo, nacho ni kiu ya kutaka mambo yawe tunavyotaka, na kwamba yanaweza kukoma. Uongo mwingi mdogo ni kiu hiyo hiyo: tunataka kuonekana wema zaidi, wenye haraka zaidi, wenye kujua zaidi.

Waliofiwa mwaka huu, nawaombea subira. Wagonjwa, mpate nafuu. Wale tuliokwaruzana kwa maneno, wengine mnajijua, nitawapigia simu.

Atakayekwenda Upanga avae nguo za heshima na avue viatu mlangoni. Kwangu kutakuwa na mihogo ya nazi siku nzima, karibuni na watoto. Mkitaka tule pamoja fikeni kabla ya saa sita mchana, kwa sababu siku hiyo nafunga kula kuanzia mchana mpaka alfajiri. Mtakaochelewa mtakula nyinyi, mimi nitakaa nanyi na chai ya rangi.