Jiko lako: lipi la kwako, lipi la fundi

Rafiki yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Barua yako imenifikia, na nimefurahi kusikia nyote ni wazima. Umeuliza kama umwite fundi au uliache jiko hilo ununue jingine. Kabla ya kuamua, usiyachukulie matatizo yake kama moja. Mwali wa njano, kichomeo kinachozimika ukiachia swichi, na oveni inayounguza upande mmoja ni mambo matatu tofauti, na ni moja tu linaloninyima raha.

Nianze na hilo. Mwali wa gesi inayoungua sawasawa ni wa bluu, umetulia na umeshikamana na kichomeo. Rangi ya chungwa inayopita mara moja moja isikutishe, mara nyingi ni vumbi au chumvi iliyomwagika. Lakini mwali ukishinda njano na kuacha masizi kwenye kitako cha sufuria, gesi haipati hewa ya kutosha. Ikiungua hivyo hutoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huingia kwenye damu na kushika nafasi ya oksijeni. Mtu huanza kuumwa kichwa, kusikia kizunguzungu na kichefuchefu, akadhani ni uchovu. Mkiona dalili hizo mkiwa jikoni, na mkitoka nje zinapungua, zimeni jiko, tokeni nyote, mkamwone daktari. Hata kusiwe na dalili yoyote, pika dirisha likiwa wazi, na usiwashe jiko ili kupasha nyumba joto.

Habari njema ni kwamba mara nyingi chanzo ni uchafu. Acha kichomeo kipoe, inua kifuniko chake, kioshe kwa maji ya moto na sabuni, kisha zibua vitundu vyake kwa sindano. Kijiti cha meno usikitumie, huvunjikia ndani. Na ile nozeli ndogo iliyo chini, inakotokea gesi, usiichokonoe hata kidogo: tundu lake limepimwa, na likipanuka gesi itapita nyingi kuliko hewa inayoihitaji. Kausha vizuri, rudisha kifuniko kikae sawa, maana kikikaa upande mwali huwa mrefu huku na mfupi kule. Ukifanya yote hayo na vichomeo vyote bado vinawaka njano, acha kulitumia jiko. Huenda regyuleta, kile kifaa kinachopunguza msukumo wa gesi inayokwenda jikoni, imeharibika, au nozeli zilizofungwa si za gesi unayotumia. Gesi ya mtungi na gesi ya bomba hazitumii nozeli zenye tundu la ukubwa mmoja. Hapo ni fundi tu.

Sasa hicho kinachozimika ukiachia swichi. Tazama pembeni ya kichomeo, utaona vijiti viwili. Chenye kauri nyeupe hutoa cheche. Kile cha chuma kitupu huitwa themokapo, na kwangu ndicho kifaa cha maana kuliko vyote kwenye jiko. Kikipashwa na mwali huzalisha umeme mdogo mno, milivolti chache tu, lakini unatosha kushikilia sumaku inayoiacha vali ya gesi wazi. Upepo ukizima mwali, au maji yakifurika sufuriani, kijiti hupoa, umeme hukatika, na vali hujifunga yenyewe kabla gesi haijajaa chumbani. Kwa hiyo moto unapokufa mkononi mwako, jiko halisikii joto. Safisha ncha ya kijiti hicho kwa msasa laini, hakikisha mwali unailamba, na ukiwasha endelea kubonyeza swichi kwa sekunde kama kumi ndipo uachie. Ikikataa, themokapo imechoka. Ni kipuri kidogo, ila kukibadilisha ni kufungua jiko pale gesi inapopita, basi mwachie mwenye kazi yake. Na fundi yeyote akikwambia atakiruka kifaa hicho ili moto ukae, mwage kwa heshima utafute mwingine. Atakuwa anakuondolea ulinzi, nawe una watoto wadogo.

Mlio wa cheche usiokoma baada ya kuosha jiko mara nyingi ni unyevu. Chomoa kwenye umeme, acha likauke. Kukiwa na mlio lakini cheche huioni, tazama kama kauri imepata ufa.

Oveni yako, kwa kuwa ni ya umeme, inaweza kusubiri kidogo. Kwanza ondoa ile karatasi ya alumini uliyotandika chini. Huziba mzunguko wa hewa na kurudisha joto mahali pasipotakiwa. Kisha bana kipande cha karatasi mlangoni na ukivute: kikitoka kirahisi, mpira wa mlango umelegea na joto linavuja upande huo. Weka kipimajoto cha oveni katikati, na usiamini namba ya kwanza unayoiona, kwa sababu themostati, kifaa kinachodhibiti joto la oveni, huwasha na kuzima, joto likipanda na kushuka. Soma mara kadhaa ndani ya nusu saa, utafute wastani, kisha uulinganishe na joto uliloliweka. Tofauti ya digrii 10 au 15 unaweza kuifidia mwenyewe kwa kuzungusha swichi. Ikifika 30, themostati au kihisi chake kikaguliwe. Tazama pia koili, ule waya mnene unaopasha oveni, ikiwa imezimwa na imepoa: yenye lengelenge au iliyokatika haina dawa ila kubadilishwa. Na kama breka inajikata kila unapowasha oveni, usiirudishe juu tena na tena. Huenda umeme unavuja mahali, pengine hadi kwenye bati unaloligusa.

Hukuniandikia kuhusu harufu ya gesi, lakini siwezi kufunga barua bila kuitaja. Gesi yenyewe haina harufu. Huwekewa kwa makusudi ili pua ikuonye. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hulala chini na kujikusanya kwenye kona, kwa hiyo unaweza kusimama usiisikie ilhali imejaa miguuni. Ukiinusa, usiwashe wala kuzima taa, usichomoe friji, usishike simu ukiwa ndani. Funga vali ya mtungi kama unaifikia bila hatari, fungua milango na madirisha, toa watu, na upige simu ukiwa nje, mbali. Wakati wa amani, jizoeze kupaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi na maungio yake: panapovuja patatoa mapovu. Kiberiti kamwe. Mpira wenye nyufa, uliokakamaa, au uliopita tarehe iliyochapwa juu yake, badilisha hata kama hauvuji.

Ukishamwita fundi, mwandalie namba ya modeli. Mara nyingi iko kwenye kibati ukingoni mwa mlango wa oveni au nyuma ya jiko. Mweleze tatizo huanza lini: jiko likiwa baridi, likishapata moto, au kichomeo kimoja tu. Na kabla hajaondoka, mwombe apake povu kwenye kila ungio alilofungua, wewe ukiangalia. Akikuta mabomba ya ndani yameliwa na kutu, hapo ndipo nitakubaliana nawe kununua jingine. Kwa hayo uliyonieleza bado sioni sababu.

Mwali ushughulikie leo kabla hujapika cha jioni, kisha uniandikie umekuwa wa rangi gani. Wasalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi mwenzako, nikupendaye.