Mwanga hauifanyi plastiki ipitishe umeme

Mhariri,

Makala yenu kuhusu plastiki zinazopitisha umeme inasema mwanga ndio unaozipa uwezo huo. Sivyo. Mwanga huunganisha molekuli. Anayeufungulia umeme njia ni dopanti, yaani kemikali inayochanganywa kwa kiasi kidogo ndani ya plastiki. Mwaka 1977 Shirakawa, MacDiarmid na Heeger waliifungua njia hiyo katika plastiki iitwayo poliasetilini kwa mvuke wa iodini, wala taa haikuhusika.

Chukua polipiroli, plastiki inayoundwa kwa kuunganisha molekuli za kimiminika kiitwacho piroli. Mililita 0.5 za piroli na gramu 0.15 za nitrati ya fedha, yaani takriban moli 8 kwa 1, huyeyushwa katika kiyeyushi cha asetonitrili kidogo, zikapakwa kwenye kioo na kuwekwa chini ya taa ya urujuanimno. Kwa msaada wa mwanga huo, ioni za fedha huipokonya piroli elektroni, minyororo ikaungana, na nitrati ikabaki ndani kama dopanti: takriban ioni moja kwa kila piroli tatu au nne. Piroli iliyogeuka kahawia chupani ikenekwe upya kwanza, yaani ichemshwe na mvuke wake upozwe. Chumvi ya aina ya kloridi isikaribie kabisa, kwa kuwa huigandisha fedha ikawa unga mweupe, na kazi imeishia hapo.

Anayeongeza muda wa taa ili apate utando mnene anasubiri bure. Polipiroli ni nyeusi. Tabaka la juu likishakaza, miale haifiki chini. Paka wembamba, angaza, osha, rudia.

Mtego ambao makala imeuruka ni huu: fedha iliyopokea elektroni hubaki kama chembe za metali, nazo zinapitisha umeme vilevile. Kipande kilichooshwa vizuri kilowekwe katika hidroksidi ya sodiamu hafifu, maana alkali huiondolea polima dopanti yake. Upitishaji usiposhuka, basi kilichopimwa ni fedha, si plastiki. Amonia isitumike hapo hata kidogo: myeyusho wake wenye fedha ukiachwa ukae unaweza kulipuka.

Halafu jedwali lenu limetaja omu tupu za ukinzani, bila unene wa utando. Kwa kipimo cha sindano nne zilizopangwa mstari (mbili za nje hupitisha mkondo, mbili za ndani hupima volti), volti 0.1 kwa mkondo wa miliampia 0.1 ni omu 1,000. Zidisha kwa 4.53, kizidishi cha utando mpana na mwembamba, kisha kwa unene, tuseme mikromita 5, yaani sentimita 0.0005. Unapata omu-sentimita 2.27, gawa 1 kwa namba hiyo, ni upitishaji wa simensi 0.44 kwa sentimita. Utando ukiwa na upana usiozidi sana nafasi kati ya sindano, hiyo 4.53 haifai.